Mi- ya Mitwero

Kila jina la mahali lilikuwa neno kabla halijawa jina. Palikuwa na mtu aliyelitamka mara ya kwanza mbele ya wenziwe, nao wakamwelewa bila ya kufasiriwa. Alikuwa ametaja mti, au kisima, au rangi ya udongo, au mtu aliyetangulia kufyeka msitu. Kisha walioelewa wakafa, watoto wao wakazoea, na neno likaacha kueleza, likabaki kuelekeza tu. Anayesafiri leo katika barabara itokayo Lindi kwenda Kilwa husema, "Nimefika Mitwero," kama asemavyo, "Nimefika mlangoni". Lakini mlango aujua, na mitwero haijui.

Nafundisha Kiswahili, na kwa miaka kadhaa nimewapa wanafunzi wangu zoezi moja ambalo kwa nje laonekana kuwa la kitoto. Nawaambia wachukue ramani ya wilaya moja, wasome majina yaliyomo, na watenge kichwa cha kila jina na kiwiliwili chake. Pwani ya Kilwa na Lindi ndiyo niipendayo kwa kazi hii, kwa sababu hapo Kiswahili kimeishi kwa karne nyingi ubavuni pa Kimwera, Kimachinga, Kimakonde, Kiyao, Kimatumbi na Kingindo, na lugha hizi zote ni ndugu. Ndugu hufanana, na kufanana ndiko kunakomdanganya mgeni. Neno ninalotaka kulisema ni hili: viambishi na sheria za sauti vyaweza kutuambia mengi juu ya lugha ya mtu aliyelitoa jina, lakini maana ya jina iko kwa watu. Watu hao twaweza kuwauliza leo. Si hakika kwamba tutaweza kuwauliza kesho.

Tuanze na kichwa. Katika lugha za Kibantu kila nomino huvaa kiambishi chake kama mtu avaavyo kofia ya kazi yake: mti na miti, kisu na visu, jicho na macho. W. H. I. Bleek alizieleza ngeli hizo katika sarufi yake ya kulinganisha iliyoanza kutoka mwaka 1862, na Carl Meinhof, katika kitabu chake cha mwaka 1899 juu ya sauti za lugha za Kibantu, alionyesha kwamba sauti hubadilika kutoka lugha moja hadi nyingine kwa utaratibu, si kwa bahati. Tangu hapo mwanachuoni hana ruhusa ya kuunganisha maneno mawili kwa kuwa tu yanalingana sikioni. Yampasa aonyeshe njia ambayo sauti imepita.

Sasa yatazame majina ya Lindi na jirani zake. Iko Mitwero, iko Mingoyo, iko Mikumbi, iko Mitandi. Ukienda kusini utafika Mikindani. Ukirudi kaskazini hadi wilaya ya Kilwa utakuta Miteja, Mitole, Mingumbi na Miguruwe. Majina haya yote yamevaa Mi-, na Mi- ni kofia ya wingi katika ngeli ambayo aghalabu ni ya miti, pamoja na vitu vingine vichache kama mito, mioyo na mikono. Kwa hiyo hata mtu asiyejua mtwero ni kitu gani aweza kusema jambo moja bila ya hofu: umbo la jina hili ni la wingi. Macho ya aliyelitoa hayakuona kitu kimoja, yaliona vingi vya namna moja. Karibu na Mingoyo pako mahali paitwapo Mnazi Mmoja, na jina hilo lafanya kinyume: lahesabu mti, lafika moja, lasimama. Majina haya mawili ni majirani. Moja lasema wingi bila ya kuhesabu, la pili lahesabu kabisa. Mtu aliyepita hapo kabla ya barabara na ramani angeweza kuongozwa na yote mawili.

Lakini Mi- ni shahidi mpole kupita kiasi. Kiswahili kina mi-, Kimwera kina mi-, Kimakonde na Kiyao vina mi-. Kofia hii ni ya ukoo mzima. Ukimwuliza, "Aliyekuvika alisema lugha gani?" hukujibu, "Yoyote ya hizi." Kwa swali la lugha yatupasa tuwaite mashahidi wengine.

Shahidi wa kwanza ni Ki- na mwenzake Chi-. Mswahili husema Kiyao, Kimakonde. Wenyewe husema Chiyao, Chimakonde. Mpaka huu wa sauti wapita ndani ya manispaa moja ya Lindi, maana humo iko Kitumbikwela na iko Chikonji. Ukisogea bara, upande wa Masasi, wakutana na Chikundi na Chiungutwa. Ukienda Kilwa, wakutana na Kivinje, Kipatimu, Kibata na Kiranjeranje. Yaelekea kuwa rahisi kusema kwamba penye Ki- alisema Mswahili au Mmatumbi, na penye Chi- alisema Mmwera, Mmakonde au Myao. Hata hivyo mashahidi hawa wawili hawana uzito sawa. Karani aliyeandika ramani au daftari la kodi alijua Kiswahili, na mkono wake ulikuwa mwepesi wa kugeuza chi- kuwa ki-, kama ulivyogeuza Chimakonde kuwa Kimakonde. Hakuwa na sababu ya kugeuza ki- kuwa chi-. Basi Ki- katika ramani yaweza kuwa ya asili, nayo yaweza kuwa Chi- iliyovishwa kanzu ya mwenziwe. Lakini Chi- iliyobaki mbele ya konsonanti imepita chini ya kalamu ya karani bila ya kufutwa. Shahidi anayesema yasiyompendeza mwenye kuandika ndiye wa kusadikiwa zaidi.

Shahidi wa pili ni Li-. Kiswahili cha leo hakivishi nomino kofia hiyo. Kimebaki nayo katika upatanisho tu: twasema jina hili limeandikwa, lakini hatusema lijina. Myao husema liso pale tusemapo jicho, na lino pale tusemapo jino. Kwa hiyo tukiona Likong'o, Lihimalyao, Likawage au Liwale, twajua kwamba jina hilo limetoka katika kinywa ambacho bado kilikuwa na li- yake kamili. Vivyo hivyo Lu- na Ru-. Kiswahili kimeiacha l, kikabaki na u-: ulimi, ambapo Kiyao chasema lulimi. Lukuledi, mto umwagao maji yake katika ghuba ya Lindi, umeihifadhi Lu- iliyotupotea. Na Rutamba, Ruangwa na Rushungi yaonyesha kofia hiyo hiyo iliyoandikwa kwa herufi nyingine. Maana katika Kiyao na Kimakonde r na l si sauti mbili zinazotenganisha maana kama ziwavyo katika Kiswahili, ambamo kura si kula. Aliyeandika alilazimika kuchagua, na kila mmoja alichagua kwa mazoea yake. Kwa hiyo kila nionapo r katika jina la kusini, pamoja na r ya Mitwero, nauliza kwanza juu ya mwandishi kabla sijauliza juu ya msemaji.

Shahidi wa tatu ni Na-, naye ndiye mwenye watoto wengi kuliko wote huku: Nachingwea, Nanganga, Nanyamba, Namayuni, Nanjirinji, Nangurukuru, na Nandete katika milima ya Umatumbi, ambapo mwezi wa Julai 1905 watu waling'oa pamba na vita vya Majimaji vikaanza. Kiswahili hakina ngeli ya nomino yenye kofia hii. Ndiyo sababu sikio la Mswahili halikai kimya lisikiapo Na-. Lataka kuifanya kiunganishi, au kuifanya nafsi ya msemaji. Naliendele, mahali karibu na Mtwara panapojulikana kwa utafiti wa mikorosho, pamewahi kunifafanuliwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba ni mtu aliyekuwa akisema, "naliendelea". Maelezo hayo ni matamu, na kasoro yake ni kwamba yalisoma jina moja peke yake. Lirudishe Naliendele katika safu ya ndugu zake, na kicheko chakoma: haiwezekani kwamba watu wa nchi nzima walizipa nchi zao majina kwa kusimulia safari katika Kiswahili.

Hapo ndipo sheria za sauti zinapotufaa. Lichukue Nangurukuru, njia panda ya kwenda Kilwa. Ondoa Na-, utabaki na ngurukuru. Majina yenye kurudia shina si machache pwani hii: Songosongo, kisiwa ambacho gesi iligunduliwa mwaka 1974, na Kiranjeranje. Lakini katika ngurukuru marudio yana ila: kipande cha kwanza chaanza kwa ng, cha pili kwa k. Je, ni kosa la masikio? Katika Kiyao n ikikutana na t huifanya d, na ikikutana na k huifanya g: kutuma ni kutuma, lakini kunituma ni kunduma. Kimatumbi nacho kina sheria ya namna hiyo, kama ilivyoelezwa kwa urefu katika kitabu cha David Odden cha mwaka 1996. Kiswahili hakifanyi hivyo. Chenyewe huiangusha n, ndiyo maana wingi wa ukuta ni kuta, wala si nguta. Tukiiweka sheria ile mbele yetu, ila yageuka kuwa ushahidi. Yamkini shina lilikuwa kurukuru. N ikaigusa k ya kwanza ikawa g, na k ya pili, kwa kuwa n haikuifikia, ikabaki kama ilivyozaliwa. Kama jina hili lingeundwa kwa desturi ya Kiswahili tungelikuwa na Nakurukuru. Sijatoa hapa maana ya jina. Nimeonyesha tu karakana ambamo lilifuliwa.

Na sheria hiyo hiyo yatukinga na mtego ulio karibu. Mto mkubwa ulio kati ya Kilwa na Lindi waitwa Mbwemkuru. Mtu mwenye haraka huona kuru ya Mbwemkuru na kuru ya Nangurukuru, akakumbuka kwamba kuu ya Kiswahili ina ndugu yake kulu katika lugha za jirani, akafunga mzigo wote kwa kamba moja: yote mawili yahusu ukubwa. Kwa mto huo neno lake laweza kusikilizwa. Kwa Nangurukuru haliwezi, maana hapo kuru ni nusu ya shina lililorudiwa, na nusu ya neno haina maana ya peke yake, kama vile shwari haina shari ndani yake. Mikia miwili ikifanana si lazima wanyama wawe wa jamii moja.

Nimetaja mikia kwa makusudi, kwa kuwa yako mahali duniani ambapo majina hujulikana kwa mikia yake. Ng'ambo ya bahari ya Adriatiki, katika nchi za Balkani, waliishi zamani watu walioitwa na Wayunani na Warumi Wailiria. Katika nchi yao hakujapatikana mwandiko ambao wataalamu wote wamekubali kuwa ni wa lugha yao. Yaliyobaki ni majina ya watu na ya mahali, yaliyoandikwa na wageni. Humo wasomi wameona Salona, Narona na Scardona, wakatambua mkia -ona. Wameona jina la Delmatae, wakalilinganisha na neno la Kialbania lenye maana ya kondoo, ijapokuwa hawajakubaliana kwamba Kialbania ni mtoto wa lugha ya Wailiria. Hans Krahe, Mjerumani, alitoa mwaka 1925 kitabu juu ya majina hayo ya Balkani. Katika miaka ya 1930 yeye, pamoja na wengine kama Julius Pokorny, waliyaona majina ya namna hiyo karibu kila pembe ya Ulaya, na kila walipoyaona waliweka Wailiria. Watu wale wakawa wameenea katika ramani kuliko walivyopata kuenea duniani. Baadaye Krahe mwenyewe aliiacha njia hiyo, akayaeleza majina mengi ya mito kwa namna nyingine. Na katika miaka ya 1960 Radoslav Katičić aliwarudisha Wailiria katika nchi ndogo zaidi, kwa kuyapanga majina ya watu sehemu kwa sehemu.

Kisa hicho nawasimulia wanafunzi kila mwaka, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni onyo. Nasi twaweza kuichukua Na-, tukapaka rangi kila ilipo, tukachora mishale ya uhamaji wa makabila, tukaiita historia. Lakini jina huazimwa, huhamishwa, hupewa kwa heshima. Mtaa wa Nachingwea umo ndani ya mji wa Lindi, mbali na wilaya ya Nachingwea. Hapana mtu atakayesema kwamba wilaya ilisafiri. Kiambishi chatuambia lugha iliyoliunda neno; hakituambii ni nani aliyelileta hapo, wala lini. Hata nambari alizoziweka Malcolm Guthrie mwaka 1948, Kiyao P.21, Kimwera P.22, Kimakonde P.23, ni anwani za lugha, wala si hati za mashamba.

Sababu ya pili ni kubwa zaidi. Krahe na Katičić hawakuwa na mtu wa kumwuliza. Mwiliria wa mwisho alikufa zamani bila ya kuulizwa mtu wake aliita nini kondoo. Walifanya kazi katika nyumba isiyo na mwenyeji, wakipima mbao za mlango. Sisi tunaye mwenyeji, amekaa barazani.

Kabla sijafika barazani kwake, yanipasa niseme neno juu ya maandishi, maana wako wanaodhani kwamba hati ya zamani humshinda mzee. Kilwa yenyewe, jina kubwa kuliko yote pwani hii, limetufikia kwa vinywa vingi. Ibn Battuta alifika huko mwaka 1331, na katika kitabu cha safari zake jina lake husomwa Kulwa. Wareno waliandika Quiloa, na kwa umbo hilo likaingia hata katika utenzi wa Milton, Paradise Lost, uliotolewa London mwaka 1667. Mwandiko wa Kiarabu ukiandikwa bila ya irabu huacha konsonanti peke yake, na msomaji hutia irabu aijuayo. Basi katika kichwa cha jina lile, hapo hasa ambapo twatafuta kiambishi, pana mikono mingi. Kwa upande mwingine, vijina vilivyoongezwa baadaye ni wazi: Kisiwani, chenye -ni ya mahali, Masoko, neno la Kiarabu lililovishwa ma- ya wingi, Kivinje, ambayo shina lake laonekana katika mvinje, mti wa mchanga wa pwani, na Songo Mnara jirani yake, ambapo neno la Kiarabu manara limechukuliwa kama lina m- ya Kibantu, hata wingi wake ukawa minara. Hili la mwisho latufundisha kwamba kofia yaweza kuonekana pasipo na kofia. Lugha ikizoea kuvisha, huona vazi hata juu ya ngozi.

Na ikizoea kumeza, humeza hata vazi. Mchinga ni mji wa pwani kaskazini ya Lindi, na Machinga ni watu wa pande hizo. Vijana wa kusini walipokwenda Dar es Salaam kuchuuza bidhaa mikononi, jina lao likageuka likawa jina la kazi. Leo mmachinga ni mchuuzi yeyote, hata akiwa amezaliwa Mwanza au Moshi, na wengi wao ni wamachinga: wa- juu ya ma-, kofia juu ya kofia, kwa kuwa ya ndani haisikiki tena. Kisha limefuata jambo la kusikitisha. Nimesikia mara nyingi, hata katika vyumba vya madarasa, kwamba neno hilo limetokana na maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya vijana watembeao. Hivyo watu wenye nchi yao, bahari yao na lugha yao wamenyang'anywa jina mara mbili. Kwanza likafanywa kazi, kisha likafanywa la Kiingereza. Maelezo ya uongo ya jina si mchezo wa maneno tu. Humwondoa mtu mahali pake bila ya kumgusa.

Mwaka mmoja nalikwenda Mitwero pamoja na wanafunzi wanne. Hatukutaka maana ya jina kubwa peke yake. Tulitaka kuyajua majina madogo, ya visima, ya vijito, ya sehemu za mashamba, ambayo hayamo katika ramani. Tulielekezwa kwa bibi mmoja aliyekuwa akibangua korosho chini ya mwembe. Tulimwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikia, "Marahaba, wanangu," akatukaribisha mkekani. Mwanafunzi mmoja akafungua daftari akaeleza tulilojia. Bibi aliendelea na korosho zake kwa kitambo, kisha akauliza, "Mwauliza jina au mwauliza shamba?"

"Twauliza jina, bibi."

"Waulizao majina hutangulia," alisema. "Wenye kamba huja nyuma yao."

Aliyasema hayo bila ya ukali, kama mtu anayetaja majira ya mvua. Alikuwa na haki. Likong'o haiko mbali na hapo, na katika miaka ya 2010 eneo hilo lilichaguliwa kwa kiwanda cha kuigeuza gesi ya baharini kuwa kimiminika. Wapimaji walikwenda, na kila mpimaji kazi yake huanza kwa swali lile lile tulilolileta sisi: "Hapa panaitwaje?" Kwa msomi jina ni jambo la elimu. Kwa mwenye shamba jina ni mpaka. Mtu awezaye kutaja jina la kila kijito, la kila mti wa mpakani, na la aliyelima hapo kabla ya babu yake, ana ushahidi ambao hauhitaji muhuri. Na ushahidi haupewi mgeni mlangoni.

Tulifunga daftari. Tulizungumza habari za korosho, za mvua, na za mjukuu wake aliyekuwa akisoma sekondari mjini na siku ile alikuwapo. Jua liliposhuka, bibi akaanza mwenyewe. Hakututazama sisi, alimtazama mjukuu wake. Alianza na kisima kilicho karibu, akashuka kwa mdomo hadi pwani, akapanda tena kwa njia nyingine, jina baada ya jina, na kwa kila jina akatoa sababu yake. Mengine yalikuwa na Na-, mengine Li-, mengine Mi-. Mwanafunzi mmoja aliniambia baadaye kwamba lilikuwa kama darasa langu, ila katika darasa langu maneno hayanuki udongo. Yule mjukuu alisikiliza akiwa ameacha mdomo wazi. Kisha akasema, "Bibi, mbona hujapata kuniambia?" Akajibiwa, "Hujapata kuuliza."

Majina hayo sitayaandika hapa. Nalimwahidi bibi kwamba hayatatoka katika daftari letu mpaka wazee wa mahali wakubaliane, na ahadi ni ahadi. Maana ya Mitwero nayo naiacha kwa wenyewe waitoe watakapopenda. Lakini tangu siku ile zoezi langu limepata sehemu ya pili. Hapo zamani mwanafunzi alimaliza kwa kutenga kichwa na kiwiliwili. Sasa hurudi nyumbani kwao, akamwuliza mzee wake mwenyewe, kwa lugha ya mzee, si kwa Kiswahili changu. Akikosa lugha hiyo, hulazimika kujifunza maneno machache kabla ya kuuliza. Na wengi wamegundua kwamba hawana maneno hayo machache.

Jambo hilo lanihusu mimi kwa kuwa ni mwalimu wa Kiswahili. Lugha hii tunayoipenda imewaunganisha watu wa Lindi na watu wa Bukoba, na hapana mtu mwenye akili anayetaka kuirudisha nyuma. Lakini haikupewa kazi ya kuwa kinywa cha pekee. Ikiwa Chi- zote zitakuwa Ki-, na Li- zitasomwa kama makosa ya uchapaji, na kila Na- itafafanuliwa kwa kicheko, basi Kiswahili kitakuwa kimejifungia mlango wa nyumba ya ndugu zake, na wa historia yake chenyewe. Tumeona kwamba li- na lu- tulizozipoteza zimehifadhiwa huko. Anayetaka kujua Kiswahili kilivyokuwa hana budi kuwasikiliza wale ambao hawakukisema.

Vitabu vipo vya kuanzia. Lyndon Harries alitoa sarufi ya Kimwera mwaka 1950, na baada yake wengine, Watanzania na wageni, wameandika juu ya Kiyao, Kimakonde na Kimatumbi. Sheria za sauti zimo humo kwa atakaye. Ambacho hakimo ni majina madogo na sababu zake, na hayo hayawezi kuchimbuliwa na mtaalamu wa karne ijayo kutoka katika ramani. Ataikuta Mi- na ataijua kuwa ni ya wingi. Ataipima r, ataitilia shaka. Atafanya kila kitu ambacho Krahe na Katičić walikifanya kwa Salona. Kisha atafika kwenye shina la jina, na hapo atahitaji mtu. Mtu huyo yu hai leo. Aenda kwake mjukuu, si mpimaji, na aende na subira, maana majina ya visima hayatolewi kwa mwenye haraka.